Kwasa ya Tres Higueras

Mjini La Serena, Chile, wanafalaki ni wengi kuliko mafundi bomba, na wanaohitajika ni mafundi bomba. Milima ya nyuma ya mji imejaa madarubini kama kifua cha jenerali kilivyojaa nishani, hewa ni kavu, mvua ni hadithi ya wazee, na kila mwenye shahada ya nyota duniani hupita hapo walau mara moja kula papai na kulalamikia mtandao. Kati ya wote hao hakuna aliyejulikana kama Profesa Gaspar Larraguibel, mkuu wa idara ya galaksi za mbali katika taasisi moja ndogo iliyokuwa karibu na mnara wa taa. Hakujulikana kwa alichogundua. Alijulikana kwa sababu kila televisheni ilipotaka mtu wa kutamka neno "ulimwengu" kwa sauti nzito, yeye ndiye aliyepokea simu kabla haijalia mara ya pili, na mvi zake zilikuwa zimeshachanwa.

Daktari Yasna Barahona alifanya kazi chini yake kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sauti, mkaidi wa roho, akiishi na mama yake huko Coquimbo. Kazi yake haikuwa ya kukesha mlimani kama watu wanavyodhani. Alifanya kazi mchana kweupe, mbele ya kompyuta, na kikombe cha chai kilichopoa, na kazi yenyewe ilikuwa kuwapatanisha mashahidi.

Maana mbingu hupigwa picha na watu mbalimbali kwa macho mbalimbali. Wako wanaoipima kwa mwanga huu wetu wa kawaida. Wako wanaoipima kwa infraredi, ule mwanga wa joto ambao jicho haliuoni. Wako watu wa redio, wenye masahani makubwa jangwani, na wako watu wa eksirei, ambao chombo chao kinaelea juu kabisa kwa kuwa hewa ya dunia huimeza miale hiyo kabla haijatufikia. Kila kundi hufanya sensa yake ya mbingu, na kila kundi huamini kwamba sensa ni ile yake. Yasna alizichukua zote nne akazilaza moja juu ya nyingine. Aliwaambia wanafunzi kwamba ukitaka kumjua mwanamume usimuulize mama yake peke yake. Muulize na kinyozi wake, na mwenye duka, na jirani wanayechangia ukuta. Wakikubaliana, mtu huyo unamjua. Wakitofautiana, hapo ndipo penye habari.

Alichokitafuta ni kwasa. Kwasa ni moyo wa galaksi wenye shimo jeusi linalokula kwa pupa, likala hadi makombo yanayozunguka mdomoni mwake yakawaka kuliko nyota zote za galaksi hiyo kwa pamoja. Zinazotamaniwa hasa ni zile za mbali sana, ambazo mwanga wake ulianza safari ulimwengu ungali mchanga. Safari hiyo ndefu huuvuta mwanga na kuufanya mwekundu, mwekundu hata unatoka nje ya uwezo wa macho. Kwa hiyo kwasa ya mbali kabisa haimo kwenye picha za mwanga wa kawaida. Hujitokeza kwenye infraredi tu, doa jekundu mahali palipodhaniwa patupu. Taabu ni kwamba si yeye peke yake mwenye tabia hiyo. Kuna vijinyota vilivyoshindwa kuwaka, vinavyoitwa vibete vya kahawia, viko hapa hapa mtaani kwetu, navyo hutoa joto bila mwanga. Ukitazama kwa infraredi tu, mfalme wa mbali na kibete wa jirani wamevaa kanzu moja.

Mwezi wa Machi Yasna alipata doa la namna hiyo. Akaandika kwenye taarifa ya ndani kwamba huenda ni kwasa, na kwamba watu wa redio na wa eksirei bado hawajaulizwa. Larraguibel akaomba saa moja kwenye darubini kubwa ili mwanga wa doa upasuliwe rangi kwa rangi. Saa hiyo ikaangukia mawingu membamba. Kilichorudi kilikuwa mstari unaotetemeka kama mwandiko wa mgonjwa, wenye kinundu kimoja katikati. Profesa akakitazama kinundu, kinundu kikamtazama Profesa, wakapendana. Kwake yeye hiyo ilikuwa alama ya hidrojeni ya kale, na kwa hesabu yake kitu hicho kilikuwa mbali kuliko chochote ambacho binadamu amewahi kukiona.

Neno "huenda" liliondoka ofisini kwa Yasna likiwa zima, likapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, na halikuonekana tena. Jumapili iliyofuata gazeti la mkoa liliandika kwamba Mchile amefika ukingoni mwa ulimwengu. Picha ilimwonyesha Profesa akitazama nyota kwa tafakuri kubwa, saa sita mchana, jua likimchoma pua.

Yasna alimsomea mama yake, Doña Ercira, habari yote wakati wa chai ya jioni. Mama akauliza jina la mwanawe liko wapi. Yasna akamwonyesha aya ya mwisho, penye maneno "na timu yake." Doña Ercira akapaka parachichi kwenye mkate, akasema timu ina bahati, maana haina jina la kukosewa.

Chini ya mlima wenye darubini hiyo kuna kijiji kiitwacho Tres Higueras. Zamani kilikuwa cha mto na mizabibu ya pisco, ile pombe kali ya zabibu. Siku hizi mto ni njia ya mbwa. Meya wake, Don Nolberto Carvajal, mtu mnene mwenye kofia ya nyasi na adabu za kizamani, alishuka La Serena kwa gari la kubebea mbuzi, akaingia taasisini na jibini kubwa kwapani, akauliza kama ni kweli kitu hicho kilionwa kutoka mlima wao. Akaambiwa ni kweli. Basi akaomba kiitwe Kwasa ya Tres Higueras. Larraguibel, ambaye angependelea Kwasa ya Larraguibel, alianza kusita. Aliposikia kwamba kutakuwa na sherehe, na kwamba naibu waziri ataalikwa, akaacha kusita.

Yasna akaona ni haki kumtahadharisha meya. Akamweleza taratibu kwamba wageni watakaokuja hawataona kitu. Hakionekani kwa jicho, wala kwa darubini yoyote ya kununuliwa.

"Daktari," alisema Don Nolberto, "Bikira wetu kanisani amefunikwa mavazi hadi puani. Hakuna anayemwona, na kila Desemba nakosa pa kuegesha magari. Watu hawaji kuona. Wanakuja ili wakirudi waseme walikuja."

Yasna akamsaidia kubeba jibini hadi jikoni.

Maandalizi yakaanza. Penye kona ya kuingilia kijiji likasimamishwa bango lililoandikwa: Tres Higueras, Kijiji cha Kitu cha Mbali Kuliko Vyote. Fundi wa magari alichomelea kwasa ya chuma kwa rimu za trela na springi za lori, ikatoka kama feni iliyonusurika vita. Chupa za pisco zikabandikwa lebo mpya, pisco ikiwa ile ile. Msusi akatangaza mtindo wa kwasa, nywele zikizunguka shimo katikati, na wanawake watatu wakajuta. Padri alipiga simu taasisini kuuliza kama kitu hicho kilikuwapo kabla ya Adamu. Akajibiwa ndiyo, kwa mbali sana, naye akashukuru kwa sauti ya mtu aliyetamani kuambiwa hapana.

Wakati huo Yasna alikuwa akiendelea na mashahidi wake. Alimpigia Rigo Cuevas, mtu wa redio wa Antofagasta waliyesoma pamoja, akamwomba atazame mahali pale. Rigo hakukawia kurudi na jibu.

"Kimya," alisema. "Lakini usilie bado. Kwasa tisa katika kumi hazisemi nami, kama mke wangu wa kwanza. Watu wa eksirei wanasemaje?"

Yasna akamwambia ndiyo kwanza wamemletea picha zao, na kwamba kwa bahati chombo chao kilikaa kikitazama sehemu ile kwa muda mrefu sana. Shimo la ukubwa aliotangaza Profesa lilipaswa kupiga kelele kwenye eksirei. Hakukuwa na hata mnong'ono.

"Basi unaye mfalme asiyekula," alisema Rigo. "Mimi nimeishi nchi hii miaka yangu yote. Hao hawapo."

Baada ya kukata simu Yasna alimwaga chai iliyopoa. Kisha akaenda kuchukua picha za infraredi za sensa ya zamani, zilizopigwa miaka kumi nyuma na watu ambao wengine wao wameshastaafu, akazilaza juu ya zile mpya. Nyota zikalingana. Galaksi zikalingana. Doa halikulingana. Lilikuwa limesogea pembeni, kidogo, kiasi cha unene wa unywele ukiutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Ilitosha. Ukiwa kwenye basi, nguzo za kando ya njia hukupita mbio, lakini milima ya Andes husafiri nawe siku nzima bila kutikisika. Kitu cha ukingoni mwa ulimwengu ni mlima. Hata kikimbie, umri wote wa wanadamu hautoshi kukiona kikisogea. Hili lilikuwa nguzo ya kando ya njia.

Alihisi aibu kwanza, kama mtu aliyegundua kwamba ametembea mji mzima na sketi iliyochanika. Chini ya aibu hiyo kulikuwa na kifuraha kidogo kwamba kinundu cha Profesa kimeporomoka, na hicho hakutaka kukitazama sana. Woga ulikuja mwisho, ukakaa.

Asubuhi alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Larraguibel alikuwa akijaribu tai mbili mbele ya kioo cha dirisha.

"Limesogea," alisema Yasna, akamwekea picha mezani.

"Labda picha ndiyo iliyosogea."

"Nyota nyingine zote zimetulia, Profesa. Ni hilo tu. Halafu eksirei hakuna kitu, redio hakuna kitu. Ni kibete wa kahawia."

Profesa aliweka tai chini. Hakukasirika, hilo ndilo lililomuuma Yasna baadaye, kwamba hakukasirika hata kidogo. Alimketisha, akamwita mwanangu, akamweleza kwamba naibu waziri ameshathibitisha, na kwamba bajeti ya chombo kipya cha taasisi inapita juu ya meza ya naibu waziri huyo huyo. Ukweli, alisema, ni kama pisco: ukiutoa mapema unakuwa mkali bure. Wauache mwaka mmoja ukae pipani. Tena jina la Yasna litatangulia kwenye makala. Yasna akauliza makala gani. Akajibiwa ile ya marekebisho, mwakani, kimya kimya.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza Yasna.

Larraguibel aliangalia nje, kule kwenye mnara wa taa. "Nilijua kinundu ni kidogo," alisema.

Mwanamke mwingine angepeleka habari kwa waandishi siku hiyo hiyo. Yasna naye alijaribu. Mhariri mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba habari ya mtu kufika ukingoni mwa ulimwengu wameshaiandika, na habari ya mtu kutofika si habari. Basi akaona wanaostahili kujua kwanza ni wenye sherehe. Akapanda basi la bondeni hadi Tres Higueras, akamkuta Don Nolberto nyumbani akila, na mke wa meya, bila kuuliza jambo lililomleta, akamwekea bakuli la supu yenye boga na hindi zima.

Yasna alisema yote. Alisema kwa lugha nyepesi, bila kujificha nyuma ya "sisi" wala "data." Kosa lilikuwa lao, kijiji hakikukosa kitu. Meya alisikiliza huku akilitafuna hindi lake safu kwa safu, hadi likabaki gunzi. Kisha akafuta mdomo.

"Waliokuja kufungua mgodi kule juu walikuja na madaktari," alisema. "Madaktari kama wewe, wenye ramani. Wakatuambia maji hayatapungua. Maji yakaisha, na hakuna hata mmoja aliyepanda basi kuja kuniambia, Don Nolberto, tulikosea. Wewe ni wa kwanza. Miaka yote hiyo nimemngoja mtu wa kuniletea ukweli, umekuja, na umeniletea ule nisioutaka."

Yasna alisema anasikitika.

"Najua. Kula, inapoa." Akamtazama mkewe, akamtazama tena Yasna. "Empanada mia tano zimeshaagizwa. Bendi imelipwa. Vijana waliokimbilia Santiago wamepiga simu kwamba wanakuja kulala kwa mama zao, na wengine hawajafika tangu mazishi ya babu zao. Mimi siwezi kuwazuia kwa ajili ya unywele. Lakini jukwaa ni la wote. Ukitaka kusema, sema. Sitakuzimia kipaza sauti."

Siku ya sherehe jua liliwaka kama limelipwa na taasisi. Kijiji kilijaa hadi kwenye njia ya mbwa. Walikuwapo wauza fulana, wauza asali, wanafunzi wanaocheza kweka, ngoma ya taifa, kwa leso, na gari moja la televisheni. Naibu waziri alichelewa, kama cheo chake kilivyomtaka, akapanda jukwaani bila kumaliza kusoma karatasi aliyopewa garini, na tangu sentensi ya kwanza akaiita kwasa "kasa." Alisema kasa hii ni fahari ya taifa. Alisema kasa hii imesafiri miaka bilioni kumi na tatu ili kufika hapa. Watu wa kijiji, ambao walikuwa na adabu, hawakumrekebisha. Waliishia kumwonea kasa huruma kwa umbali aliotembea.

Larraguibel akafuata, mwenye ile tai ya kwanza. Akazungumza juu ya ukingo, na alfajiri ya nyakati, na udogo wetu, akijishika kifua kila alipotaja udogo. Hakusema uongo hata mmoja ulio kamili. Mwisho akamkaribisha "mwenzangu Yasna" aeleze mambo ya kiufundi kwa dakika chache, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mchuzi uliozidi chumvi.

Yasna alikuwa hajala tangu asubuhi. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "nawaomba radhi. Kitu hiki si cha mbali. Tulikosea. Ni jirani yetu. Ni kijinyota kidogo, cha baridi, ambacho hakikupata nafasi ya kuwaka. Kiko karibu sana, na siku zote tumekuwa tukipita mlangoni pake bila kukiona."

Yasna akangoja kuzomewa, na akilini alishakuwa amejiandaa: angesimama pale, angejibu maswali yote, asingelia. Badala yake bibi mmoja wa mstari wa mbele, mwenye shali jeusi, akaanza kulia. Mtu nyuma akapiga makofi. Wengine wakapokea, wakainuka, makofi yakaenea hadi kwa wauza asali, na kijana aliyetoka Santiago akamkumbatia mama yake mbele za watu. Naibu waziri alisimama akamshika Yasna mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akachukua kipaza sauti akasema kwamba Daktari amegusa jambo kubwa: ni vijiji vingapi vya Chile, vidogo, vya baridi, havikupata nafasi ya kuwaka, na serikali zimepita milangoni pao bila kuviona? Akaahidi barabara ya lami.

"Sisemi kwa mafumbo," alisema Yasna. "Nilikuwa na maana kwamba..."

Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshapelekwa kwa bendi. Larraguibel alimkumbatia mbele ya kamera, akamnong'oneza kwamba hakujua ana kipaji cha siasa.

Mtu pekee aliyeelewa kila neno alikuwa Don Nolberto. Alimletea empanada, andazi la nyama na kitunguu, iliyofungwa kwa karatasi, wakakaa nyuma ya jukwaa pamoja kwenye sanduku la soda. "Umesema," alimwambia. "Mimi ni shahidi. Kama masikio yao yamesikia mengine, kosa si lako." Yasna aliuma empanada, na kitunguu kilikuwa kitamu, na ndipo alipolia.

Yeye na Rigo waliandika makala ya marekebisho majira ya baridi, kurasa nne, kavu kama jangwa la Atakama. Larraguibel aliomba jina lake liwemo, kama mkuu wa idara. Rigo alitoa maoni yake juu ya ombi hilo kwa maneno ambayo mama yake hakumfundisha, lakini kanuni za taasisi zilikuwa upande wa mkuu. Baada ya makala kutoka, kundi moja la ng'ambo lilipima umbali wa kile kijinyota, likakuta ni miongoni mwa majirani wa karibu zaidi wa Jua waliokuwa hawajajulikana. Ilikuwa habari nzuri, ndogo, ya kweli.

Larraguibel aliita waandishi alasiri hiyo hiyo. Tumegundua, alisema, jirani mpya. Alipoulizwa kuhusu ukingo wa ulimwengu, alitabasamu kwa uvumilivu, akasema kwamba sayansi hujirekebisha, na kwamba yeye alikuwa na shaka tangu mwanzo. Kuthibitisha hayo akawaonyesha video ya sherehe, pale ambapo mtafiti wa idara yake, chini ya uongozi wake, anatamka hadharani mbele ya naibu waziri kwamba kitu hicho si cha mbali. Kabla ya Krismasi chuo kimoja cha Santiago kilimpa nishani ya uadilifu wa kitaaluma. Kwa hiyo alisherehekewa mara mbili kwa doa moja, mara ya kwanza kwa kuwa mbali na mara ya pili kwa kuwa karibu, na mara zote mbili nywele zilikuwa zimechanwa.

Tres Higueras walibadilisha neno moja kwenye bango. Kijiji cha Kitu cha Karibu kikauza kuliko cha mbali, maana watalii walidai wakisimama penye ile feni ya chuma wanahisi joto. Barabara ya naibu waziri ilifikia hatua ya vigingi vyenye utepe mwekundu, na vigingi vipo hadi leo. Mbuzi wameshakula utepe.

Yasna aliomba kuhamia kundi la eksirei la chuo kingine, lililopewa chumba kimoja kisicho na dirisha nyuma ya maabara ya udongo. Larraguibel alimwandalia keki ya kumuaga na hotuba. Kwenye chumba hicho aliendelea kuwahoji mashahidi wake wanne kwa subira ile ile, na mwaka wa tatu akapata doa lililowafanya wote wakubaliane. Kwenye mwanga wa kawaida hakuna kitu. Kwenye infraredi lipo, jekundu. Kwenye redio, Rigo alipiga simu akiimba. Kwenye eksirei lilikuwa likila kwa kelele. Aliupasua mwanga wake kwa saa nyingi zisizo na mawingu, na mstari haukutetemeka. Ilikuwa kwasa, ya kale kweli, mbali kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa.

Mwandishi wa gazeti la mkoa alipiga simu, mwanamke mwenye haraka. Akauliza kama ni mbali kuliko ile ya Profesa Larraguibel. Yasna akamweleza kwamba ile haikuwa mbali, ilikuwa jirani, na gazeti hilo hilo liliandika hivyo.

"Naelewa, Daktari. Lakini wakati ilipokuwa mbali, ilikuwa mbali kuliko hii yako?"

Yasna alifikiri. Alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomgharimu, na hesabu ya kinundu aliikumbuka vizuri.

"Ndiyo," alisema. "Ilipokuwa mbali, ilikuwa mbali zaidi."

Jumapili zikatoka sentensi nne, chini ya bei ya parachichi: mwanamke wa Coquimbo amegundua kitu cha pili kwa umbali ulimwenguni. Jina lake liliandikwa Yasmín.

Yasna alicheka, halafu akaacha kucheka, halafu akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Doña Ercira alivaa koti lake zuri, akapanda basi hadi ofisi za gazeti, akarudi na ahadi ya masahihisho ambayo hayakutoka wiki ile wala nyingine yoyote. Basi akachukua mkasi, akakata ile habari, kisha katikati ya habari akakata maneno "cha pili" na herufi tatu za mwisho za jina, likabaki Yas, akaibandika kwenye friji ikiwa na vidirisha viwili.

Yasna alipoamka na kuiona, alisema kwamba hivyo havifanywi, data haikatwi kwa mkasi.

"Hii si sayansi," alisema Doña Ercira. "Hii ni friji. Weka maji, tunywe chai."